Mgeni wa Safu ya Tatu

Wewe unayesoma hapa, umewahi kumkana mkeo mbele ya ukumbi mzima, ukapigiwa makofi?

Usikimbilie kusema hapana kwa sauti ya mtu mwema. Profesa Kufumba naye alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kumwinulia mtu mkono, hakuwa na tabia ya kulala nje, chai alijua kuipika na sahani alijua kuziosha. Lakini kila Jumamosi, na Jumapili pia kazi ikiwa nzuri, alisimama jukwaani ndani ya koti lake jeusi lililojaa mifuko isiyoonekana, akamnyooshea kidole mwanamke aliyemzalia pacha, akanguruma: "Mama, mimi na wewe tunafahamiana?"

Mwanamke huyo hukaa safu ya tatu, kiti cha pembeni, mkoba mwekundu mapajani. Hujibu bila kupepesa macho: "Sikufahamu. Na kwa jinsi ulivyovaa, sina haraka ya kukufahamu."

Hapo ukumbi mzima huangua kicheko, na mchezo wa mkoba huanza.

Uprofesa wenyewe haukutoka chuo chochote. Zamani alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, na alikuwa na mazoea ya kuwapotezea wateja misumari kiganjani huku wakisubiri kufungiwa mizigo. Mwenye duka alivumilia, akachoka, akamwambia achague moja: kuuza misumari au kuipoteza. Akachagua kuipoteza. Akashona koti, akanunua njiwa mweupe, akajipa jina la kufumba na kufumbua, na mkewe, ambaye majirani wote humwita Mama Pacha, akahamisha vyombo kutoka kabatini ili kofia na kamba zipate pa kukaa.

Ugeni wa Mama Pacha haukupangwa. Siku za mwanzo kabisa, Profesa alikuwa anaomba mtu yeyote apande na mkoba wake. Siku moja akapanda mgeni wa kweli, mama mmoja mwenye heshima zake, na alipoambiwa autoe mkoba wake, akaukumbatia kama mtoto mchanga akaanza kulia. Hakuna aliyejua mle ndani mna nini, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Ukumbi ukapoa kama chai iliyosahauliwa. Mama Pacha, aliyekuja kutazama tu, akaona mumewe anazama, akainuka pale alipokuwa, akasema, "Chukua wangu, bwana, mimi hata sikufahamu." Uongo wa siku moja, wa kumwokoa mtu. Ndio ukageuka ajira.

Tangu hapo wakawa na sheria zao. Usiku wa kuamkia kazi walikaa mezani wakaupanga mkoba pamoja: kitana, leso nyeupe, kioo, ufunguo wa kabati, pipi. Profesa akakariri mpangilio. Siku yenyewe Mama Pacha alitoka kwanza kwa mlango wa nyuma, na Profesa alifuata baadaye kwa mlango wa mbele. Wakikutana njiani hawasalimiani. Ipo siku mvua iliwakuta wote wawili kwenye kituo kimoja, Profesa ana mwavuli, mkewe hana, na wateja wao watarajiwa wamejaa pale. Profesa alisimama chini ya mwavuli wake kama nanga. Mama Pacha alilowa mpaka mkoba ukachuja rangi. Nyumbani wakacheka. Yaani, Profesa alicheka, na mkewe alikuwa anakausha nywele, kwa hiyo uso haukuonekana.

Akikasirika, Mama Pacha alikuwa na njia yake. Katikati ya mchezo, Profesa kafungwa kitambaa cheusi machoni, ananuiza na kupapasa hewa: "Naona… naona kitu cheupe… laini… ni leso!" Mama Pacha hutia mkono mkobani, huvuta polepole, na badala ya leso hutoka soksi ya kiume iliyotoboka kisiginoni. "Umekosea kidogo, bwana. Ni soksi. Ni ya mwanamume asiyejua kapu la nguo chafu liko wapi." Watu hufa kwa kicheko wakidhani ni sehemu ya mchezo. Profesa nyuma ya kitambaa hujua ameshaelezwa.

Na tuseme kweli, maana bila kweli hatuna sababu ya kusimulia: mchezo ule haukuwa wa Profesa. Yeye alitaja vitu tu. Aliyevifanya viwe miujiza ni yule wa safu ya tatu. Alikuwa anajua kushangaa. Alishangaa kwa nyusi kwanza, kisha kwa mdomo, kisha kwa mkono uliopanda kifuani wenyewe, na ukimtazama ulishangaa naye hata kama ulikuja umenuna. Dunia imejaa watu wa namna hii, watu wa safu ya tatu, wanaowabeba wenzao mpaka kwenye makofi halafu wanarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Hatuwaandiki. Tunawaandika wenye kofia.

Basi, kazi zikaanza kupungua. Wenye sherehe walitaka muziki wenye kishindo, na shule zilitaka wanaotumbuiza kwa vyombo vya kumeta. Ndipo akaingia shemeji.

Huyu ni mdogo wake Mama Pacha, mwenye studio ya picha za vitambulisho karibu na benki. Kazi yake ya kutwa ni kuwaambia watu wasicheke. Inua kidevu, funga mdomo, usitabasamu, tayari. Alikuja siku hiyo na simu mkononi, akaanza kabla hajakaa.

"Shemeji, nimekutafuta mtandaoni, sikukuona."

"Mimi si niko hapa? Huko unanitafutia nini?"

"Nimemkuta Profesa mwingine, anauza dawa ya mende. Ana wafuasi elfu nne. Wewe unayetoa njiwa kwenye kofia huna hata mmoja. Mende wana mtu wa kuwasemea, wewe huna."

"Kazi yangu ni siri," Profesa akasema, akajivuta kitini. "Siri haitangazwi."

"Siri haitangazwi, sawa, ila mwenye siri anakula. Dada, mwezi huu mmealikwa na nani?"

Mama Pacha alikuwa anakunja vitambaa vya hariri vya mchezo, kimoja ndani ya kingine. "Na ukimya," akasema, bila kuinua kichwa.

Shemeji akafungua ukurasa jioni ileile. Akampiga Profesa picha na njiwa begani, na kwa mazoea ya kazi akamwambia afunge mdomo na ainue kidevu, kwa hiyo Profesa akatoka kama mtu anayeomba hati ya kusafiria pamoja na ndege wake. Video ya kwanza ilikuwa ya kamba: inakatwa, inaunganika. Nzuri, safi. Maoni yakaingia.

"Hiyo ni kompyuta."

"Hapo katikati video imekatwa."

"Njiwa ndiye mwenye kipaji."

Profesa nusura apasuke. "Mikono yangu hii! Mtu anasema mikono yangu ni kompyuta!" Akaichukua simu, akaanza kumjibu kila mmoja kwa kidole kimoja: Ndugu mpendwa, nimepokea maoni yako na kuyatafakari kwa kina. Shemeji akamnyang'anya.

"Shemeji, huku hakuandikwi barua ya maombi ya kazi. Tulia. Watu hawaamini kamba siku hizi, chochote kinaweza kutengenezwa. Wanaamini sura."

Na sura ilikuwepo. Kwenye onyesho lililofuata, harusi ya fundi umeme mmoja, shemeji alisimama pembeni na simu yake. Sasa fikiria mtu anayeshinda kutwa akizizima sura za watu, halafu anapewa nafasi ya kupiga sura iliyofunguka mpaka jino la mwisho. Kamera ya simu ikamwacha Profesa, ikaenda safu ya tatu, ikabaki huko. Nyusi, mdomo, mkono kifuani. Video ikapanda mtandaoni, na ikasambaa kama harufu ya kitunguu. "Cheki huyu mama!" watu waliandika. "Nimecheka na yeye mpaka bosi ameniona." Simu ya Profesa, iliyozoea kukohoa mara moja kwa wiki, ikaanza kulia asubuhi na jioni. Shule ikamtaka. Duka la vigae likamtaka siku ya ufunguzi. Karani wa benki aliyekuwa anastaafu akamtaka kwenye tafrija ya kumuaga.

Kote huko shemeji alikwenda, na kote huko simu yake ilifuata njia ileile mpaka safu ya tatu. Jioni walikaa wote watatu mezani, vichwa vimegongana juu ya kioo kidogo, wakijitazama.

"Dada, kwenye vigae umeshangaa vizuri kuliko harusini."

"Harusini kiti kilikuwa kinanichoma."

"Lakini hapa kwa karani," Profesa akasema, "ungechelewesha mkono kidogo."

Watu wazima watatu, wana akili zao timamu, walitazama video nne za mwanamke yuleyule, mwenye mkoba uleule, akiapa kwenye shughuli nne tofauti kwamba hamfahamu mwanamume yuleyule. Wakazisifia. Hakuna aliyeona kitu. Ukikaa ndani ya jambo muda mrefu, unaliona kama ukuta wa nyumba yako: upo tu.

Aliyeona ni mtu asiyejulikana, aliyejiita mtandaoni Jicho la Kuku. Alizichukua zile video nne, akaziunga, Sikufahamu ya harusini ikafuatwa na Sikufahamu ya shuleni, ya vigae, ya benki, akaandika juu yake: "Huyu mama hakosi shughuli. Profesa, anakufuata au unamfuata?"

Kufikia mchana mji mzima ulikuwa unacheka. Mama Pacha akapata jina jipya, Mama Sikufahamu, na shemeji, kwa uso wa mtu aliyekanyaga keki ya mwenzake, akawasomea maoni.

"Huyu anasema wewe ni jini, dada."

"Endelea."

"Huyu anasema ni mpenzi wake wa zamani, alimwapia hatamwacha apumue. Huyu anasema ni hawara. Huyu naye hawara. Hapa wamekubaliana wengi, hawara. Na huyu…" akasita.

"Soma."

"'Profesa, mkeo anajua?' Hii ndiyo imependwa kuliko zote."

Mama Pacha akacheka. Alicheka vizuri, kicheko kikubwa cha tumboni, Profesa naye akacheka kwa nafuu aliyoipata. Halafu cha mkewe kikakatika.

"Wamenipa kila cheo," akasema. "Jini, mwehu, hawara. Watu wote hao, na vichwa vyote hivyo. Hakuna hata mmoja aliyekisia mke."

Profesa akanyoosha mkono, akaizima simu ya shemeji.

Lakini hilo lingepita. Wamepitisha mangapi. Lisilopita lilitokea kesho yake asubuhi, jikoni.

Mama Pacha alikuwa anakaanga mayai. Simu ikalia, Profesa akaipokea na kuiweka mezani kwa sauti ya juu kwa sababu mikono yake ilikuwa na siagi. Alikuwa ni mratibu wa sherehe za kiwanda cha sabuni, mwanamke mwenye sauti iliyopigwa pasi. Kiwanda kilikuwa kinaandaa siku ya familia za wafanyakazi, ukumbi mzima, na wote walikuwa wamemtaja Profesa. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

"Ila mkurugenzi wetu ni mtu wa msimamo," mratibu akasema. "Ameiona ile video. Anataka mchezo wa mkoba, lakini mgeni awe mgeni kweli. Hataki watu wa kupangwa. Sasa nikuulize tu, Profesa, yule mama ni nani wako?"

Na ulimi wa Profesa, uliokuwa umeipita njia ile kila wiki kwa miaka, ukaipita tena peke yake, bila kumsubiri mwenyewe.

"Yule? Aa, simfahamu."

Mayai yakaendelea kukaangika kwenye mafuta. Mratibu akashukuru, akakata. Profesa akainua macho. Mkewe alikuwa amesimama na mwiko, hajageuza yai, na yai linaungua.

"Jukwaani ni kazi," akasema taratibu. "Nimeikubali, na nimeifanya vizuri kuliko wewe. Lakini hapa hakuna jukwaa, Baba Pacha. Hapa una siagi mkononi. Nimesimama nakupikia, unaniona, na umenikana."

"Mke wangu, ulimi umeteleza."

"Ulimi hauwezi kuteleza palipo pakavu."

Alilitia yai lililoungua kwenye sahani yake Profesa, akaliweka mbele yake kwa heshima zote, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Siku zilizofuata Profesa alibembeleza. Aliosha vyombo, akafua hadi mapazia. Shemeji aliitwa kusuluhisha, akaja na wazo.

"Dada, tufanye hivi. Avae wigi. Miwani mieusi, gauni jingine, sauti nzito kidogo. Hakuna atakayemjua."

"Nani avae?" Mama Pacha akauliza.

"Wewe, dada."

"Yaani nimkane mume wangu kwa sura ya mtu mwingine? Sasa hata huo ukanaji mnanipokonya?"

"Basi tumtafute binti wa kulipwa…"

"Mtafuteni. Lakini sikilizeni, nyote wawili." Aliuweka mkoba mwekundu mezani. "Jumamosi nitakuja. Nitakaa palepale. Mkoba nitaupanga mwenyewe, na mdomo wangu nitaupanga mwenyewe. Mume wangu akiniuliza kama tunafahamiana, atasikia jibu. Aulize vizuri."

Wazo la binti likafia hapo, na Profesa hakulala sawasawa. Akimkana tena, mke hayupo. Hilo alilijua kwa jinsi ule mkoba ulivyowekwa. Akisema kweli, mchezo wa mkoba umekufa, kazi imekwenda, na yeye anabaki mtu wa kamba na mayai, wakati mende wana msemaji mwenye wafuasi elfu nne.

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa kiwanda ulinukia sabuni mpaka kwenye viti. Watoto waliovaa viatu vipya walikuwa wanateleza sakafuni, akina baba wamekaa kwa namna ya watu waliolazimishwa kuoga mchana. Mkurugenzi alikuwa mstari wa mbele, mikono kaifunga kifuani, mkewe pembeni. Mratibu alisimama karibu na mlango. Profesa akakata kamba, ikaunganika. Akavunja yai, likawa leso. Njiwa akatoka, akakataa kurudi, akatua kwenye bomba la feni. Makofi ya heshima.

Kisha mtoto mmoja akageuka, akaona mkoba mwekundu.

"Mama Sikufahamu yupo!"

Ukumbi ukasimama. Simu zikainuliwa kama mashina ya mahindi. "Si-ku-fa-ha-mu! Si-ku-fa-ha-mu!" Walipiga miguu. Mratibu pale mlangoni alikuwa na uso wa mtu anayetazama maziwa yakifurika na yeye yuko mbali na jiko. Mkurugenzi hakufungua mikono.

Mama Pacha alikaa palepale, safu ya tatu, kidevu juu, mdomo umefungwa, kama anayepigwa picha na mdogo wake. Hakucheka na wala hakununa. Alisubiri. Profesa akautazama uso ule, ambao umeshangaa kwa ajili yake mara zisizohesabika, na kwa mara ya kwanza akauona haushangai chochote.

Akavua kofia.

"Mabibi na mabwana," akasema, na sauti ilitoka bila ule mngurumo wake wa jukwaani. "Yule mama ni mke wangu."

Watu wakageukiana. Halafu kicheko kilichotikisa vioo.

"Mwongo!"

"Profesa, usijipendekeze kwa mama wa watu!"

Kijana wa idara ya kufungasha akasimama juu ya kiti. "Wiki iliyopita humfahamu, leo umeshamwoa?"

"Nimemwoa zamani! Tuna pacha!"

"Umewatoa kwenye kofia!"

Profesa akageuka huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mlango. Miaka yote amewadanganya wakaamini. Leo katoa kweli tupu, kweli pekee aliyowahi kuitoa jukwaani, na hawaitaki. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mkurugenzi akainua mkono, watu wakanyamaza. "Mama," akasema, "ni kweli?"

Mama Pacha akainuka bila haraka. Akatembea mpaka mbele, akapanda jukwaani kwa ngazi ya pembeni. Kwanza akamtazama mumewe, tena sana, na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo. Kisha akaugeukia ukumbi.

"Mimi nimewaambia simfahamu mara nyingi mno. Nikisema leo namfahamu, mtaniamini? Na yeye nani atamwamini, mtu mwenye njiwa kwenye feni? Basi tumpime. Kama ni mume wangu, atajua nabeba nini. Mfungeni kitambaa."

Kijana wa kufungasha akapanda akamfunga, tena mara mbili, kwa fundo la kiwandani. Profesa akapapasa hewa. Hakuna mpangilio aliokariri.

"Naona… kitana," akasema.

"Hakuna."

"Leso nyeupe."

"Hakuna."

"Kioo! Kioo kidogo cha mkononi."

"Cha nini, na sura ninaijua?"

Ukumbi ukaanza kutetemeka. Jasho likamtoka Profesa chini ya kitambaa. "Ufunguo wa nyumba!"

"Ufunguo uko mfukoni mwako. Sijawahi kupewa wa pili."

"Picha ya pacha, basi! Mama gani hana picha ya watoto?"

"Picha iko ukutani, Baba Pacha, ambapo kila mtu anaiona."

"Pipi?" akasema Profesa, kwa sauti ya mtoto aliyesahau shairi.

"Hakuna pipi."

Akamfungua kitambaa mwenyewe. Kisha akautia mkono mkobani, akatoa kimoja kimoja, akikiinua juu ili hata wa nyuma waone. Uzi wa kijani na sindano ya kufumia, na kipande kilichofumwa nusu. "Hii ni ya kusubiria. Wewe hukaa nyuma ya pazia, mimi hukaa kitini saa nzima, simjui mtu." Kipande cha tangawizi kavu. "Ya sauti. Kusema sikufahamu kunakausha koo." Filimbi ya bati.

"Filimbi ya nini?" Profesa akauliza. Hakuwa anauliza kwa ajili ya ukumbi.

"Ya njiani. Nikitoka kwenye kazi yako narudi peke yangu."

Na mwisho miwani, ya fremu nyembamba, mguu mmoja umefungwa kwa uzi wa kijani. Akaivaa. Profesa akabaki kumkodolea macho.

"Tangu lini unavaa miwani?"

"Tangu mwaka juzi. Navaa njiani. Nikifika mlangoni navua, maana mgeni wako hakuwa na miwani."

Profesa alisimama na mikono imening'inia, koti lake limejaa mifuko ya siri na hana pa kujificha. Ndipo, kutoka viti vya nyuma kabisa, sauti ya mama mmoja wa idara ya usafi ikapasua hewa:

"Jamani, huyo ni mume kweli! Hajui hata kimoja! Wa kwangu hivyohivyo!"

Basi. Ukumbi ukalipuka. Wanawake walicheka wakashikana mabega, wakapigana mgongoni. "Ni mumewe! Ni mumewe wa halali!" Cheti gani kingeshinda kile? Halafu mke mmoja akamgeukia mumewe: "Enhe, na wewe sema, kwenye mkoba wangu kuna nini?" Mwingine akaiga. Kote ukumbini mikoba ikakumbatiwa na wanaume wakaanza kutazama dari, ambako walikutana macho na njiwa.

Mke wa mkurugenzi akauweka mkoba wake magotini. "Haya, bosi."

Mkurugenzi akaifungua mikono hatimaye, akaumauma mdomo, akafikiri kama anayesaini mkataba. "Simu," akasema.

"Hiyo naishika mkononi."

"Dawa ya kichwa?"

Mkewe akachungulia, akaitoa. Mkurugenzi akaruka, ngumi hewani, kama aliyefunga bao la fainali, na wafanyakazi wake wakampigia makofi ambayo hajawahi kuyapata kwenye mkutano wowote. Mratibu alikuwa amekaa sakafuni kando ya mlango, anacheka anafuta machozi.

Shemeji alipiga yote hayo. Kwa mara ya kwanza simu yake haikujua iende kwa nani, ikazunguka tu ukumbini kama nyuki. Kabla ya jua kuzama ilikuwa imesambaa, na watu wakawa wanaandika kutoka nyumbani kwao: mume wangu ametaja kitu kimoja, tena amekosea. Jicho la Kuku naye akaandika kwa unyonge kwamba amemwomba mkewe amjaribu, na hivi sasa anaandika akiwa nje ya nyumba.

Wawili wale walirudi kwa miguu, upande mmoja wa barabara, Profesa kabeba mkoba mwekundu begani pamoja na kofia na kizimba cha njiwa. Hakujitetea. Alijua mchezo ule mzuri wa miaka yote umezikwa, na hakuwa na hakika kesho atakula nini. Lakini kila walipopita kwenye duka alimsikia mkewe akisoma kwa sauti maandishi ya vibao vya mbali, kimoja baada ya kingine, kwa furaha ya mtu asiyevua tena miwani yake. Akawa anamsikiliza tu.

Asubuhi yake, akiwa na mswaki mdomoni, alisikia ngazi ikiegemezwa ukutani kwa nje. Akatoka na taulo shingoni. Mchora vibao wa mtaa, yule anayeandika maduka yote ya pale, alikuwa juu ya ngazi na kopo la rangi nyekundu, mbele ya maandishi ya zamani yaliyokuwa pembeni ya mlango: PROFESA KUFUMBA, MAZINGAOMBWE, SHULE NA SHEREHE. Mama Pacha alikuwa chini, mikono kiunoni.

"Hapa chini hapatoshi, mama," fundi alikuwa anasema. "Bomba la maji limekata njia."

"Juu je?"

"Juu pako wazi. Ila jina lako litakuwa juu ya lake."

"Sasa hilo ni tatizo la bomba au la nani?"

Fundi akamwona Profesa. "Mzee, unasemaje?"

Profesa alikuwa na povu mdomoni. Aliangalia ukuta, akamwangalia mkewe, ambaye hakugeuka kumsubiri. Akatema pembeni, akajifuta kwa taulo, akaenda akaishika ngazi, maana upande mmoja ulikuwa unacheza.

"Haya, mama," fundi akasema, "niandike nini?"

Mama Pacha akalitaja jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, na la baba yake nyuma yake, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. Fundi akachovya brashi, akavuta mstari wa kwanza, na rangi ikachuruzika kidogo ukutani.

"Pangusa hapo," Mama Pacha akasema. "Hiyo ni herufi ya jina la mtu."